Siku Kumi za Karao

Mvua ya mchana ilimkuta mbwa wa jirani yangu nje. Alipokuwa akirudi kwao alipita kibarazani kwangu, akajikung'uta, akaenda zake, na harufu ya manyoya yaliyolowa ikabaki mlangoni. Nilikuwa nimeketi na rundo la madaftari ya kusahihisha. Nikasimama. Nikaketi, nikasahihisha jibu moja, nikasimama tena nikaenda dirishani ambako hakukuwa na chochote cha kuona. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeanza kuwasha juu kidogo ya kifundo, penye makovu manne madogo ambayo watu hudhani ni ya moto. Makovu hayo yalikuwa hayajawasha kwa miaka mingi. Siku hiyo yaliwasha mpaka jioni, na madaftari nikayarudisha mfukoni bila kuyamaliza.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka enzi za DVD, nyumba moja ikiwa nayo basi ploti nzima inayo. Kwetu mtaa wa Dallas, pale Embu mjini, nyumba hiyo ilikuwa ya mama mwenye ploti, mzee aliyestaafu ualimu, ambaye wapangaji wote tulimwita Mwalimu. Mimi na Mama tulipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Tulikuwa tumetoka Kianjai, huko Meru, na cherehani, godoro moja na sufuria zilizotiwa ndani ya gunia. Mama alishona sare za shule. Baba alibaki upande wa Laare, akinunua miraa, yale majani ya kutafuna, kwa wakulima na kuipeleka kwa wanaoifunga. Hakuna aliyenieleza kwa nini yeye yuko huko na sisi tuko huku. Nilipouliza, Mama alisema ni kazi, na cherehani ikaanza kwenda kwa kasi zaidi. Nilikuwa na miaka minane. Nilijua miraa haikai, ikichumwa leo lazima leo iteremke, na niliona magari yake yakipita Embu kila siku kama yanayofukuzwa, kwenda Nairobi. Nilishindwa kuelewa kwa nini hata moja halikuwahi kumshusha Baba pale kwetu.

Sikuwa mtoto wa kutulia. Darasani mwalimu alinihamisha dawati mara tatu. Nyumbani nilikuwa natembea kutoka mlangoni hadi langoni, langoni hadi kwenye tangi la maji, kisha mlangoni tena, mpaka Mama akasema nimechimba njia kama ya ng'ombe. Mahali pekee nilipokaa kitako ni kwenye zulia la Mwalimu, Jumamosi, baada ya kufua sare, alipoweka ile diski.

Ilikuwa filamu ya zamani, ya michoro, ya mapenzi ya mbwa wawili. Wa kike alikuwa wa nyumba kubwa, manyoya yamechanwa, analala juu ya mto. Wa kiume alikuwa wa barabarani na hakuwa na mtu. Walizungumza Kiingereza cha haraka, nami Kiingereza changu kilikuwa bado cha kalamu iko juu ya meza, kwa hivyo Mwalimu alinitafsiria kwa Kiswahili huku akichambua maharagwe. Kama walimu wote, aliongeza ya kwake. Yule wa kiume akiimba chini ya dirisha, Mwalimu alisema anamuuliza mwenzake kama amemaliza kazi ya nyumbani. Niliamini.

Kuna mahali walikuwa wamepotea mjini, wakajibanza chini ya mkokoteni wa muuza mikate, na vitu vyeupe vikaanza kudondoka kutoka juu. Nilidhani ni unga, kwamba mahali fulani juu ya mji kuna kinu kinachovuja. Mwalimu akaniambia ni theluji, ile ile iliyo kileleni mwa Mlima Kenya, nami mpaka siku ile nilidhani kilele kile ni jiwe jeupe. Upepo ulikuwa unavuma. Yule wa barabarani akainuka, akamzunguka mwenzake, akalala upande unaotokea upepo. Hakusema neno hapo, wala Mwalimu hakutafsiri chochote. Niliitazama filamu ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na kila tulipofika chini ya mkokoteni nilikuwa naacha kutikisa mguu.

Diski ilikuwa na mkwaruzo. Kila mara ilikwama mahali pamoja: wa kiume amesimama nje ya lango la nyumba kubwa, theluji mgongoni, na wa kike yuko ndani amesimamisha masikio. Hapo picha ilitetemeka, ikakatika vipande vipande, basi. Mwalimu aliipangusa diski kwa upindo wa leso, akaipulizia, ikakwama tena.

"Anaingia," aliniambia. "Huo ndio mwisho. Anaingia, wanamvisha ukanda wa shingo, anakaa."

Sikutosheka. Nilitaka kuona nani aliyefungua lango. Mpaka leo sijauona mwisho wenyewe. Nimepata nafasi nyingi, na kila mara nimejitafutia kazi nyingine ya kufanya.

Sasa, Mwalimu alikuwa na mbwa wa kike aliyeitwa Suzi, mwekundu, mnene kidogo, anayefungiwa kibandani mchana na kuachiliwa usiku alinde ploti. Na palikuwa na mbwa mwingine asiye na mwenyewe, sikio moja limechanika, ambaye watu walimpa jina la Karao, yaani polisi, kwa sababu alishika doria kila siku kutoka bucha moja hadi nyingine. Mara kwa mara alikuja kulala nje ya lango letu, pua ameiingiza chini ya mabati, na Suzi akalia kibandani. Watu wazima waliona kelele. Mimi niliona filamu yangu imeshuka kutoka kwenye televisheni ikanifuata nyumbani. Niliamini shida yote ya mbwa wale, wa kwenye diski na wa Dallas, ilikuwa lango tu. Mtu angelifungua, mambo mengine yangejipanga.

Jumapili moja alasiri Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na Mwalimu amelala. Nilichukua sahani ya githeri, mahindi na maharagwe ya jana, nikaondoa komeo la kibanda, kisha nikafungua lango. Karao aliingia polepole, kichwa chini, akapita kando yangu kana kwamba nimeajiriwa pale. Walinusana. Suzi akatikisa mkia. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha. Niliweka sahani katikati yao kisha nikachuchumaa kuwatazama wakila pamoja, lakini Suzi alikuwa na pupa, akaisukuma sahani yote upande wake. Nikaona hiyo si haki. Nikanyoosha mkono kuirudisha katikati.

Karao hakubweka. Nilihisi kitu kama mlango unaojifunga juu ya mkono wangu, kisha akaachia na kutoka nje mbio. Nilitazama yale matundu manne yakiwa bado meupe kabla damu haijaja.

Kelele zangu zilimwamsha Mwalimu. Hakuuliza chochote. Alinivuta hadi kwenye mfereji, akanisugua kwa sabuni ya kufulia, maji yakimwagika muda mrefu sana, mpaka mkono ukafa ganzi, huku akinena Kiembu chini chini. Sikujua kama anasali au ananitukana. Mama alinikuta hapo, akiwa bado na joho la kwaya, na hospitali tulikwenda hivyo hivyo, yeye na joho.

Daktari alisema nitadungwa sindano za chanjo ya kichaa cha mbwa kwa siku kadhaa, nyingine baada ya wiki, nyingine baada ya majuma mawili, na ya mwisho mwezi ukikaribia kwisha. Kisha akamwambia Mama jambo lililobadilisha kila kitu. Yule mbwa atafutwe, afungwe, atazamwe siku kumi. Akifika siku ya kumi akiwa mzima, anakula na kunywa, basi hakuwa na kichaa aliponiuma, na sindano zilizobaki zinaweza kuachwa. Akibadilika kabla ya hapo, hiyo ni habari nyingine. Hakusema ni habari gani. Mama alikuwa ameikunja karatasi ya hospitali mara nyingi hadi ikawa ndogo kama sanduku la kiberiti.

Jioni ile alimpigia Baba simu. Nilimsikia akisema maneno mawili tu, kwa Kimeru, kwamba mtoto ameumwa na mbwa. Asubuhi Baba alikuwa langoni.

Ilikuwa miezi minane tangu nimwone. Alinukia majani mabichi na migomba, kwa sababu miraa hufungwa kwa majani ya migomba na harufu ile haitoki kwenye koti. Aliufungua mkono wangu, akautazama, akaufunga tena vizuri kuliko ulivyofungwa hospitalini. Nikajifunza jambo wiki ile. Miezi minane nilikuwa nimemwomba Mungu, nimemwandikia barua tatu ambazo Mama alisema ametuma, na hakuna kilichomleta. Mbwa alimleta kwa siku moja.

Baba ndiye aliyemtafuta Karao. Alikwenda na kamba na kipande cha pafu, akarudi kabla ya saa sita akiwa naye, wote wawili wamechafuka matope. Alimfunga kwenye mpera ulio karibu na kibanda cha Suzi. Afisa wa mifugo alikuja na pikipiki yake, mtu mpole mwenye buti kubwa, akamtazama Karao kwa mbali, akatuonya tusimguse bali tumsukumie chakula kwa mti mrefu. Akasema hesabu ianze siku ile niliyoumwa. Mbwa akikataa chakula, akitoa ute, akibadilika sauti, aitwe upesi.

Baba alisema hatarudi Laare mpaka siku kumi ziishe. Alipata kitanda kwa rafiki yake upande wa stendi, akawa anakuja asubuhi kumtazama Karao na jioni kumtazama tena. Kati ya hapo alinipeleka kudungwa, akanisubiri langoni mwa shule, akakaa kwenye kiti cha Mwalimu nje ya chumba chetu akivua kofia na kuivaa. Naye hakuwa mtu wa kutulia. Nilimwona akitembea kutoka mlangoni hadi langoni, langoni hadi kwenye tangi, akipita mle mle katika njia yangu, na nikajivuna.

Mwanzoni yeye na Mama walizungumza kupitia kwangu. Mwambie baba yako chai iko. Mwambie mama yako asante. Siku ya nne mkanda wa cherehani ulikatika, na Baba akaomba waya na koleo kwa Mwalimu, akautengeneza, na alipokuwa amepiga magoti chini ya mashine Mama akamwambia mwenyewe, bila kunipitia mimi, asikaze sana. Siku ya tano alikula ndani. Siku ya sita aliiga jinsi afisa wa mifugo anavyotembea na buti zake, na Mama akacheka, akaweka mkono mdomoni haraka kama mtu aliyepiga chafya kanisani. Nje, chini ya mpera, Karao alikuwa amelala kando ya kibanda na Suzi amelala upande wa ndani, migongo imegusana ubao ukiwa katikati. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsukumia chakula, kwa sababu nililia mpaka wakanikubalia. Asubuhi na jioni nilimsukumia sahani kwa mti mrefu, na Mwalimu aliandika ukutani kwa chaki: amekula.

Kila mtu alifurahi kuona zile chaki zinaongezeka. Mimi zilinitoa jasho. Siku ya saba usiku sikulala. Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho watu wazima walikisema kila saa bila kusikia wanachosema. Karao akiwa mzima mpaka siku ya kumi, Baba anaondoka.

Asubuhi ya siku ya nane nilibeba sahani ya githeri, nikazunguka nyuma ya choo, nikaimwaga kwenye magugu. Nikarudi nikasema Karao amekataa kula.

Sikuwa nimefikiria uso wa Baba. Alisimama pale akiwa na kikombe cha chai, na chai ikaanza kumwagika kidogo kidogo kwenye kiatu chake bila yeye kujua. Alinishika paji la uso. Akaniuliza kama koo linauma, kama naogopa maji. Nilikunywa maji mbele yake, vikombe viwili, ili atulie. Mwalimu aliandika ukutani: hakula. Mama alikuwa mlangoni na kitambaa cha sare begani. Alinitazama tu, na nikadhani ni hofu.

"Tusubiri jioni," Baba alisema.

Jioni nikamwaga tena. Siku ya tisa vivyo hivyo. Karao alikuwa anaivuta kamba akibweka usiku kucha, na kufikia siku hiyo sauti yake ilikuwa imekauka, inatoka kama msumeno. Niliposogea na sahani tupu alinitazama machoni, na sikuweza kumtazama. Nilikuwa natembea njia yangu ile, mlangoni hadi langoni, nikikwepa upande wa mpera. Lakini jioni ile Baba alitamka nililokuwa nalitaka. Alimwambia Mama kwamba kama mambo yenyewe ni haya, yeye hataenda popote mpaka sindano ya mwisho, hata kama ni mwezi mzima, na hata kama ni zaidi. Mama alishusha macho kwenye mshono wake. Nililala nikiwa nimeshinda.

Asubuhi ya siku ya kumi afisa wa mifugo alikuja, Baba akiwa amemwita, na safari hii alikuwa na sanduku. Alisikiliza jinsi Karao anavyobweka. Akaisoma chaki ukutani. Akamwita Baba kando, lakini mimi nilikuwa nyuma ya tangi na nilisikia. Alisema mbwa aliyebadilika sauti na kukataa chakula hasubiriwi. Atamdunga alale, asiamke, kisha kichwa kipelekwe maabara, ndipo watajua kwa hakika kuhusu mtoto. Baba aliuliza itachukua muda gani. Afisa akasema dakika chache. Baba akatikisa kichwa kukubali. Wakaja chini ya mpera, afisa akavaa glavu ndefu, akafungua sanduku.

Nilijua filamu ile kwa moyo, na hapakuwa na mahali kama hapa. Niliwatazama watu wazima wote, nikingoja mmoja wao aseme ngoja. Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa leso. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja ameuinua nusu kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu. Kisha miguu yangu ikanipeleka, nikasimama kati ya afisa na Karao, mahali nilipokatazwa nisikanyage.

"Anakula," nikasema. "Mimi ndiye simpi. Namwaga."

Hakuna aliyesogea. Nikasema tena kwa Kimeru, nikidhani labda Kiswahili changu kilikuwa kibaya. Nikawaambia ni nyuma ya choo. Mwalimu akaenda kutazama, akarudi, akaingia jikoni kwake, akatoka na sahani ya mukimo wa jana, viazi vilivyopondwa na mahindi. Afisa akaisukuma kwa mti. Karao aliimaliza kabla afisa hajaurudisha mti, akailamba sahani mpaka ikapinduka, akailamba na upande wa chini. Kisha akanywa maji yote ya bakuli. Afisa alivua glavu. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema hajawahi kuona mtoto anayeombea mbwa ugonjwa, akafunga sanduku lake, akaenda zake.

Nilingoja kupigwa. Baba alichuchumaa mbele yangu, magoti yakalia.

"Kwa nini, Kendi?"

"Ukimaliza siku kumi unaenda."

Alikuwa ameng'oa jani la mpera na analikunjakunja. Mama alikuwa bado mlangoni.

"Naenda, ndiyo," akasema. "Siwezi kukudanganya hapo. Lakini nitakuwa nakuja hata kama hakuna kitu kimekuuma. Umesikia? Usitafute tena cha kukuuma."

Alimfungua Karao yeye mwenyewe. Mwalimu, sijui kwa huruma gani, akamfungua na Suzi. Nilijua kitakachofuata. Nilikuwa nimekingoja tangu ile Jumamosi ya kwanza kwenye zulia. Karao alijinyoosha, akajikung'uta kamba iliyokuwa haipo tena, akamnusa Suzi mara moja puani, akatoka langoni, akakunja kona kuelekea bucha. Hakutazama nyuma hata kidogo. Suzi akarudi kibandani kulala. Nilikasirika kiasi cha kurusha kandambili yangu juu ya paa la Mwalimu, na Baba akalazimika kuomba ngazi. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho kabla hajaondoka. Saa nane alikuwa amekwenda.

Karao alirudi baada ya siku mbili, akalala nje ya lango na pua chini ya mabati, kana kwamba hatukuwahi kujuana. Aliendelea hivyo karibu mwaka mzima, anakuja, anaenda, hata siku moja hakuvishwa ukanda. Kisha hatukumwona tena.

Na Baba alikuja. Si kama alivyoahidi, maana kuna wakati ilipita miezi mitatu nikachimba ile njia upya, lakini alikuja. Aliketi kwenye kiti cha nje, akanywa chai, akaniuliza shule, akaongea na Mama habari za mvua na za watu wa Kianjai, kabla ya jioni akaondoka. Hawakurudiana. Nilimaliza shule, nikaenda chuo, nikaajiriwa, na bado nilipokuwa naye chumba kimoja nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja kama anatafuta kofia yake.

Amefariki mwaka huu, ghafla, huko huko Laare. Baada ya mazishi nilikwenda kwa Mama kukaa naye siku chache. Mwalimu alikwishatangulia zamani, ploti imejengwa ghorofa, na Mama sasa ana nyumba yake ndogo upande wa pili wa mji. Asubuhi moja alikuwa anakata vitambaa mezani nami napiga pasi shati langu. Nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kukisema kwa sauti. Kwamba nilimtia Baba hofu ile kwa siku mbili nzima, na kwamba nikifumba macho naiona ile chai ikimwagika kwenye kiatu chake.

Mama aliendelea kukata mpaka mwisho wa mstari wa chaki. Kisha akaweka mkasi chini.

Akaniambia alijua. Asubuhi ile ile ya siku ya nane alikwenda chooni akakuta kuku wa jirani wamejaa kwenye magugu wanadonoa githeri. Alirudi akiwa na nia ya kunichapa mbele ya watu wote. Alipofika mlangoni akamsikia Baba akisema tusubiri jioni. Akajiambia atasema jioni. Jioni akajiambia atasema kesho. Siku ya kumi, afisa alipofungua sanduku, alikuwa tayari ameinua mkono aseme, na mimi nikamtangulia.

Niliuliza kama haikumsumbua kumwona Karao akikaa siku mbili bila chakula.

"Nani alikwambia alikaa bila chakula?" Mama akasema. "Nilikuwa naamka mapema nampelekea ugali, kabla ninyi hamjaamka. Nilimpa kidogo. Kidogo cha kumfanya asife, lakini si kingi, mtu asije akasema mbwa amepona."

Akachukua mkasi, akatafuta mahali alipoishia kwenye kitambaa, na hakupaona.